Rangi Isiyopakwa: Povu la Sabuni, Maji ya Chemchemi na Noti ya Dola



Juma hili tuongee juu ya rangi. Rangi ya kikwembe tunaijua, na ya ukuta tunaijua. Nataka tutazame ile inayocheza juu ya povu tunapofua, ile inayoelea juu ya dimbwi pale pikipiki zinapoegeshwa, na ile inayobadilika kwenye pembe ya noti ya dola mia ukiiinamisha. Wengi wetu tunazihesabu kama mambo matatu, kumbe ni jambo moja. Mama anayelielewa anaweza kulitumia asubuhi kwenye chemchemi na mchana kwenye meza yake ya soko, na mara zote mbili likamwokoa na hasara.

Watoto walio sekondari watalikuta katika somo la fizikia kwa jina la Kifaransa *interférence*. Sisi tuliite mwingiliano wa mawimbi. Jina lisituogopeshe, maana mfano wake tunao hapa mtoni.

Rangi za namna mbili

Shika kikwembe chako uende nacho juani. Kigeuze huku na huku, kikunje, kitazame kutoka juu au kutoka pembeni. Nyekundu yake inabaki nyekundu. Rangi hiyo imetiwa ndani ya nyuzi. Mafuta ya mawese ni vilevile: wekundu wake unatoka kwenye kitu kilichomo ndani ya mafuta yenyewe, ndugu wa kile kinachoipa karoti rangi yake. Ndiyo maana yakidondoka kwenye blauzi nyeupe unakuwa na kazi ya kufua.

Sasa shika povu. Maji hayana rangi, na sabuni ikiyeyuka ndani yake inayafanya meupemeupe tu. Lakini juu ya povu unaona kijani, zambarau, dhahabu na buluu. Ukilipasua, mkononi hakubaki doa hata moja. Geuza kichwa kidogo, rangi nazo zinahama. Hakuna aliyezipaka.

Msitu wetu pia una rangi za namna hii. Tausi wa Kongo ni ndege ambaye porini anaishi katika nchi yetu peke yake, na misitu ya Tshopo ni sehemu ya makao yake. Mtaalamu wa ndege kutoka Marekani, James Chapin, ndiye aliyemwandika katika vitabu vya sayansi mwaka 1936, ingawa watu wa msituni walimjua tangu zamani. Dume ana buluu nzito inayong'aa na kuelekea kijani. Rangi hiyo inayong'aa katika manyoya ya jamii ya tausi inatoka kwenye vijiti vidogo sana visivyoonekana kwa macho, vilivyopangwa ndani ya nyoya kwa nafasi sawasawa. Ukilisaga nyoya la namna hiyo, mpango unavunjika, na kinachobaki ni vumbi la kahawia.

Basi kwa kuanza tushike hili: rangi iliyopakwa haibadiliki ukibadilisha upande wa kutazama. Ile isiyopakwa, kwa kawaida inabadilika. Tutalihitaji tukifika kwenye noti.

Mawimbi mawili yakikutana

Simama kando ya mto, mahali mitumbwi inapovukia kwenda Lubunga. Mitumbwi miwili ikipita kwa pamoja, kila mmoja unaacha mawimbi yake. Tazama pale mawimbi hayo yanapokutana. Kila wimbi lina mgongo, pale maji yanapoinuka, na bonde, pale yanaposhuka. Mgongo ukikutana na mgongo, maji yanaruka juu kuliko mwanzo. Mgongo ukikutana na bonde, moja linajaza lingine, na kwa kitambo kidogo maji yanatulia mahali hapo, kama hakuna mtumbwi uliopita. Wimbi limeongezwa juu ya wimbi, na jibu limekuwa utulivu.

Mwanga nao unasafiri kama wimbi. Aliyelionyesha jambo hili waziwazi alikuwa daktari wa Kiingereza, Thomas Young. Mwaka 1801 aliwaeleza wataalamu wa Royal Society huko London jinsi mawimbi ya mwanga yanavyoweza kuongezeana nguvu au kuuana. Miaka michache baadaye akafanya jaribio lililo jepesi ajabu. Aliruhusu mwali mwembamba wa jua uingie ndani ya chumba chenye giza, akaweka kipande chembamba cha kadi katikati ya mwali huo, ili mwanga upite pande zake mbili. Ndani ya kivuli cha kadi akaona michirizi: mwanga, giza, mwanga, giza. Alipoziba upande mmoja, michirizi ikapotea.

Tulitafakari kidogo hilo la mwisho. Alipopunguza mwanga, mahali palipokuwa na giza pakapata mwanga. Alipourudisha, giza likarudi. Mwanga juu ya mwanga ulileta giza, kama vile wimbi juu ya wimbi lilivyoleta utulivu mtoni.

Kwa nini basi rangi? Kwa sababu mwanga mweupe wa jua ni mchanganyiko wa rangi zote, na kila rangi ina wimbi lenye urefu wake. Wimbi la nyekundu ni refu, karibu sehemu 7 za elfu 10 za milimita moja. Wimbi la zambarau ni fupi, karibu sehemu 4 za elfu 10. Ni vidogo mno: katika unene wa unywele mmoja wa kichwa, mawimbi mekundu kama 100 yanaweza kujipanga mfululizo.

Povu ni utando wa maji wenye nyuso mbili, ya nje na ya ndani. Mwanga ukiufikia, sehemu moja inarudi kutoka uso wa nje. Sehemu nyingine inaingia, inagonga uso wa ndani, kisha inarudi nayo. Hii ya pili imetembea zaidi, kwenda na kurudi ndani ya utando. Zikikutana tena njiani kuja machoni mwetu, ni kama mawimbi ya ile mitumbwi miwili. Kwa unene fulani wa utando, wekundu unauawa na kijani kinapata nguvu. Utando ukiwa mnene kidogo zaidi au mwembamba kidogo zaidi, zamu inabadilika. Rangi unayoiona inakusimulia unene wa utando mahali hapo. Na ukigeuza kichwa, mwanga unaupita utando kwa mshazari tofauti, ndiyo maana rangi inahama.

Jaribio la nyumbani

Hili lifanyeni na watoto jioni moja kabla giza halijaingia. Mnahitaji vikombe viwili, maji, sabuni kidogo ya kuoshea vyombo, na kijiko kidogo cha sukari. Sukari inasaidia utando usikauke haraka.

Koroga maji, sabuni na sukari pole pole ndani ya kikombe kipana, bila kufanya povu jingi. Chovya humo mdomo wa kikombe kidogo, kisha ukitoe. Utando utakuwa umeziba mdomo wake. Simama mlango ukiwa nyuma yako, ili mwanga wa mbingu uanguke juu ya utando na kurudi machoni mwako. Kikombe cha rangi nyeusi au ya kahawia ni kizuri zaidi. Sasa kilaze kikombe ubavu, utando usimame wima kama ukuta, na mtulie.

Baada ya muda mfupi michirizi itatokea imelala, mmoja juu ya mwingine: wa waridi, wa kijani, wa waridi, wa kijani. Chini imebanana, juu imetanuka. Sababu ni uzito. Maji yanateremka ndani ya utando, kwa hiyo chini ni mnene na juu ni mwembamba. Kila mchirizi ni mahali pa unene mmoja. Mtaiona michirizi ikishuka pole pole kadiri utando unavyokonda. Halafu juu kabisa patatokea dhahabu, kisha weupe kama fedha, na mwishowe weusi. Watoto watafikiri utando umetoboka. Haujatoboka bado: ni mwembamba mno, zaidi ya mara elfu kuliko unywele. Ukiona weusi huo, hesabu pole pole, maana karibu utapasuka.

Kwa nini weusi? Wimbi linalorudi kutoka uso wa nje linageuzwa juu chini, mgongo wake unakuwa bonde. Linalorudi kutoka uso wa ndani haligeuzwi. Utando ukiwa mwembamba hivyo, yote mawili yanarudi karibu wakati uleule, mmoja mgongo, mwingine bonde, na yanamalizana. Mtoto wa darasa la sita anaweza kulieleza hilo akiwa amekwisha kuona mawimbi ya mtoni.

Mtoto mwerevu atauliza pia: mbona tone la mawese juu ya mchuzi wa sombe halifanyi upinde wa mvua? Mwambie ni nene mno. Utando ukiwa mnene, rangi nyingi sana zinapata nguvu kwa pamoja, zinachanganyika, na jicho linaona mafuta ya kawaida tu.

Wanawake wawili na maji ya sabuni

Yupo mama atakayesema: haya ni mambo ya wanaume wa vyuo vikuu. Nimweleze juu ya wanawake wawili.

Wa kwanza ni Agnes Pockels wa Ujerumani, aliyezaliwa mwaka 1862. Wakati wa ujana wake vyuo vikuu vya huko havikuwapokea wanawake. Alibaki nyumbani akitunza wazazi wake na kazi za jikoni. Pale alipooshea vyombo aliona jinsi mafuta na sabuni vinavyobadilisha uso wa maji. Akatengeneza kifaa chake mwenyewe, akapima na kuandika, mwaka baada ya mwaka. Mwaka 1891 alimwandikia barua mwanasayansi mkubwa wa Uingereza, Lord Rayleigh, na huyo akaituma barua hiyo ichapishwe katika gazeti la sayansi *Nature*. Mwaka 1932, akiwa na miaka 70, chuo kikuu cha mji wake, Braunschweig, kilimpa heshima ya udaktari.

Wa pili ni Katharine Blodgett wa Marekani, aliyezaliwa mwaka 1898. Mwaka 1926 alikuwa mwanamke wa kwanza kupata udaktari wa fizikia katika chuo kikuu cha Cambridge. Alifanya kazi katika maabara ya General Electric, na huko akajifunza kulaza juu ya kioo tabaka moja moja la kitu cha jamii ya sabuni, kila tabaka likiwa nyembamba kupita kiasi. Kwa kutazama rangi iliyozaliwa, aliweza kusema utando wake una unene gani, kama mama anavyotazama mafuta kwenye sufuria akajua yamepata moto. Mwaka 1938 alifikia tabaka 44. Kwa unene huo, mwanga unaorudi kutoka uso wa juu na ule unaorudi kutoka uso wa chini unauana, na kioo kinaacha kumeta. Utando wake ulifutika kirahisi, na wengine baadaye walipata njia ya kuufanya mgumu. Ukivaa miwani ya kisasa inayotoa mng'ao hafifu wa kijani au zambarau, umevaa utando wa ukoo huohuo.

Mmoja alianzia penye vyombo vichafu, mwingine aliendeleza kwa sabuni. Binti zetu wanaotaka kuchagua sayansi shuleni wasiambiwe kwamba mlango huo si wao.

Upinde wa mvua juu ya maji tunayochota

Sasa tuje kwenye maji. Familia nyingi katika mitaa yetu zinachota kwenye chemchemi na visima. Pengine asubuhi mama anakuta juu ya maji utando unaometa rangi rangi. Wengine wanasema ni mafuta ya gari, wengine wanasema ni uchawi, wengine wanausukuma kwa mkono na kuchota. Kipo kipimo chepesi kinachohitaji kijiti tu.

Chomeka kijiti katikati ya utando, ukivute taratibu, kisha utazame.

Kama utando unavunjika vipande vyenye kingo, kama sahani iliyopasuka, na vipande havirudi kushikana, kwa kawaida hayo si mafuta. Ni kazi ya vijidudu vinavyoishi kwa chuma kilichomo ndani ya maji. Udongo wetu mwekundu una chuma kingi. Mara nyingi utaona pia matope laini ya rangi ya kutu pembeni, na harufu ni ya kinamasi.

Kama utando unazunguka, unajikunja na kufunga tena njia ya kijiti kana kwamba hakikupita, hapo fikiria esanse, mazutu au mafuta ya moteri. Harufu mara nyingi itathibitisha.

Utando wa kwanza hauna mafuta, lakini hiyo si ruhusa ya kunywa. Maji hayo yachemshwe au yatiwe dawa kama maji mengine ya chemchemi. Vijidudu vya kipindupindu havifanyi upinde wa mvua. Maji maangavu kabisa yanaweza kuwa navyo.

Utando wa pili ni jambo jingine. Maji hayo msinywe wala msipikie. Kuyachemsha kunaua vijidudu lakini hakuondoi mafuta, na mvuke wa esanse karibu na moto ni hatari. Mwambieni chefu wa mtaa, na mtafute mafuta yanatoka wapi: moteri ya umeme ya jirani, mashine ya kusaga, mahali pa kutengenezea pikipiki. Mara nyingi ni bidoni moja tu lililoinama bila mtu kuona. Tone moja la mafuta likitandaa mpaka kufikia unene wa kufanya rangi linaweza kufunika uso wa beseni kubwa. Kwa hiyo rangi zikionekana zimetapakaa, msidhani ni pipa zima lililomwagika. Lakini msinyamaze.

Kipimo hicho kinafaa pia kwa bidoni la kununua sokoni. Lijaze maji mpaka mdomoni, lipeleke mahali penye mwanga wa mbingu, utazame uso wa maji kwa pembeni. Ukiona upinde wa mvua, bidoni hilo lilibeba mafuta, na kulisuuza mara mbili hakutoshi. Usipoona kitu, bado linuse. Bidoni lililowahi kubeba esanse au mazutu libaki la kazi hiyo, na lifungwe kitambaa chekundu shingoni ili mtoto asilichukue kwenda kisimani.

Noti inayobadilika rangi

Tumalizie na pesa. Hapa Kisangani tunauza kwa franka na tunaweka akiba kwa dola. Noti moja ya dola mia ya bandia inaweza kumeza mtaji wa mama anayeuza samaki wa moshi, na ikiingia kwenye likelemba, inaweza kuvunja hata urafiki wa miaka mingi. Waliochora noti hizo walitumia jambo lilelile la povu la sabuni ili kutusaidia.

Tazama upande wa mbele wa noti ya dola 10, 20, 50 au 100, chini kulia, penye tarakimu ya thamani. Wino wa tarakimu hiyo umejaa vipande vidogo sana, na kila kipande kina tabaka juu ya tabaka: katikati ni alumini inayorudisha mwanga kama kioo, juu yake tabaka angavu lililopimwa unene wake, na juu kabisa metali nyembamba inayoruhusu nusu ya mwanga kupita. Mwanga unaorudi kutoka juu na unaorudi kutoka katikati vinakutana, vinaongezeana au vinauana, kama kwenye povu. Ukiitazama noti moja kwa moja, kwa noti za sasa tarakimu ni ya shaba. Ukiiinamisha, inakuwa kijani. Katika noti ya 100 iliyoanza kutumika mwaka 2013, kengele iliyochorwa ndani ya chupa ya wino nayo inageuka kutoka shaba kwenda kijani.

Mashine ya fotokopi haiwezi kuiga hilo. Inaitazama noti kutoka upande mmoja tu, na inachapa rangi iliyopakwa. Ndipo kanuni yetu ya mwanzo inapofanya kazi: rangi iliyopakwa haibadiliki.

Tufanye hivi kila tunapopokea:

Kwanza, tuisogeze noti penye mwanga wa mchana. Tochi ya simu inaweza kudanganya macho.

Pili, tuitazame moja kwa moja, kisha tuiinamishe pole pole mpaka rangi igeuke. Tusiridhike na kumeta. Wenye noti bandia wanatia unga unaong'aa, lakini unga huo unang'aa kwa rangi moja tu. Tunatafuta shaba inayokuwa kijani.

Tatu, tusitegemee karatasi peke yake. Wapo wanaoosha noti ndogo ya kweli na kuchapa 100 juu yake. Karatasi inakuwa ya kweli kabisa mkononi, lakini tarakimu haigeuki rangi. Tuiinue pia kwenye mwanga: upande wa kulia wa picha lazima sura ileile ionekane ndani ya karatasi. Katika noti mpya ya 100 kuna pia utepe wa buluu uliofumwa ndani ya karatasi, ambao kengele zake zinageuka kuwa 100 ukiinamisha. Huo ni ufundi mwingine, lakini tuutazame pia.

Nne, tujue mipaka ya kipimo. Noti za 1 na za 5 hazina wino huo, kwa hiyo usimgombeze mteja bure. Noti kubwa za mtindo uliotangulia, kuanzia ule wa mwaka 1996, tarakimu yake inatoka kijani kwenda nyeusi. Zilizo za zamani kuliko hizo hazina wino huu kabisa. Kama huna uhakika, mwombe mteja akupe nyingine.

Ukishika noti bandia, usiipitishe kwa mwenzako. Najua inauma. Lakini kuipitisha kwa makusudi ni kosa mbele ya sheria, na atakayepoteza ni mama kama wewe. Ipeleke benki, ueleze ulivyoipata.

Kuinamisha noti si kumtukana mteja. Kambisti anafanya hivyo barabarani kila siku na hakuna anayenuna. Sisi tuna haki ileile.

Kazi ya juma hili

Kila kundi la likelemba, kabla ya kutoa fungu la juma, lichague wamama wawili wenye macho mazuri. Wakae karibu na dirisha, wainamishe kila noti ya dola kuanzia 10, mmoja akitazama na mwingine akiandika katika daftari la mweka hazina: noti ngapi, za thamani gani, zimegeuka rangi au hapana. Anayepokea fungu atie sahihi baada ya kuziona mwenyewe. Itachukua dakika chache, na itamaliza maneno ya baadaye juu ya nani aliyeleta noti mbaya.

Wale wanaochota kwenye chemchemi, mwonyesheni mtoto mmoja katika kila nyumba kipimo cha kijiti. Watoto ndio wanaofika majini kwanza asubuhi.

Juma lijalo, Mungu akipenda, tutaongea juu ya moshi wa jikoni na kifua cha mtoto. Mbaki salama, na mwasalimie wa nyumbani.